Ugali wa Mkulima katika Sahani ya Karani

Hotuba iliyosomwa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya chakula cha mchana.



Katibu aliponiandikia aliniomba nichague jambo lolote lenye manufaa. Nadhani alitegemea kwamba mtumishi wa serikali atazungumzia maadili ya kazi, au mafao ya kustaafu. Hayo nayajua kiasi, lakini mmekwisha kuyasikia mara nyingi, tena kutoka kwa wakubwa wangu. Mimi nimechagua kuzungumzia wanga, yaani ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi, chapati, mkate, maandazi, na ndugu yao sukari tunayoikoroga katika chai. Nataka kusema kwamba kwa watu wa rika langu, wenye kazi kama yangu, kupunguza wanga ni njia ya kweli ya kupunguza uzito na kushusha sukari ya damu. Na nataka kuyasema hayo bila kuigeuza njia hiyo kuwa dini, maana wako waliokwisha kuigeuza.

Sikulichagua jambo hili kwa kujifurahisha. Darasa letu lilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1998. Hatujafika miaka 50, na tayari wenzetu kadhaa wanameza dawa za kisukari asubuhi na jioni. Mmoja wetu, ambaye waliokuwapo wakati ule watamkumbuka kama winga wa kulia wa timu ya shule, mtu ambaye mabeki walimwona mgongo tu, amekatwa mguu chini ya goti. Mwingine tulimzika kwa ugonjwa wa figo, na chanzo cha figo kuharibika kilikuwa sukari. Nikiangalia safu hizi za mbele naona matumbo ambayo hayakuwapo tulipokuwa tukikimbia mchakamchaka kwenye barabara ile. Zamani kitambi kilikuwa cheo. Mwenye nacho alipewa kiti. Siku hizi daktari akikiona huchukua futi ya kupimia.

Utafiti uliofanywa na akina McLarty katika vijiji 6 vya nchi yetu, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta wenye kisukari hawafiki hata mtu 1 katika kila watu 100 wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu watu 9 katika kila 100. Si haki kulinganisha namba hizi moja kwa moja, kwa sababu umri wa waliopimwa haukuwa mmoja, na ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu. Hata hivyo sidhani kuna mtu humu ndani atakayesema kwamba hakuna kilichobadilika.

Mimi nilipimwa Machi 2023. Uzito kilo 104, urefu sentimita 172, sukari kabla ya kula 8.1. Daktari, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, alinieleza kwamba mtu mwenye afya huwa chini ya 6.1, na kwamba 7.0 na zaidi, ikithibitishwa mara ya pili, ni kisukari. Tulirudia kipimo. Ikathibitishwa. Akaniandikia vidonge vya metformini, kisha akauliza:

"Ugali unakula kiasi gani, baba?"

"Kama wa nyumbani tu, daktari."

"Huko nyumbani walikuwa wakifanya kazi gani?"

"Wakulima."

"Na wewe unalima nini?"

Ofisi yangu iko Dodoma, katika Mji wa Serikali pale Mtumba. Ninalima majalada. Sikuwa na jibu la kumpa, naye hakulisubiri. Alikuwa amekwisha kumwita mgonjwa mwingine.

Nilipofika nyumbani tulifanya jambo ambalo namshauri kila mmoja alifanye mara moja tu katika maisha yake. Mama watoto alipima kwa mizani unga unaoingia katika ugali wangu wa jioni. Ulikuwa robo kilo, kwa mtu mmoja, kwa mlo mmoja. Unga wa mahindi karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga. Kwa hiyo nilikuwa nikila gramu 190 hivi za wanga usiku, kisha natazama taarifa ya habari na kulala. Baba yangu alikula hivyo hivyo, lakini yeye alikuwa ametoka kulima tangu alfajiri, na kesho yake alikuwa akirudi shambani. Ugali haujawahi kumkosea mkulima. Umehamia tu kwa karani bila kupunguzwa, kama mshahara ambao unaendelea kulipwa baada ya kazi kwisha.

Sasa niseme kidogo jinsi mwili unavyofanya, na vijana wa mchepuo wa biolojia wanisahihishe. Wanga ukisagwa tumboni huwa glukosi, yaani sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari mlango iingie katika misuli na ini. Misuli ikitumika hupokea vizuri. Misuli iliyokaa kitini siku nzima imekwisha kujaa. Mlango hugongwa, haufunguliwi upesi. Ini nalo hugeuza ziada kuwa mafuta. Miaka ikipita, insulini inatoka nyingi na inafanya kazi kidogo, sukari inabaki barabarani ndani ya damu, na hapo ndipo mishipa midogo ya macho, figo na miguu inapoharibika polepole bila maumivu. Mtu hasikii kitu. Ndiyo maana wengi hugundua siku wameletwa hospitali kwa kidonda kisichopona.

Ukipunguza wanga unapunguza kile kinacholetwa mlangoni. Hiyo ndiyo hoja yote, nayo si mpya hata kidogo. Kabla ya insulini kugunduliwa huko Toronto mwaka 1921, madaktari walikuwa na silaha moja tu dhidi ya kisukari, nayo ilikuwa kumnyima mgonjwa wanga na sukari. Na kwa upande wa unene kuna kisa ambacho mimi hukipenda. Huko London aliishi bwana mmoja, William Banting, fundi wa majeneza na msimamizi wa maziko ya wakubwa. Alikuwa mfupi na mnene kiasi kwamba alishindwa kufunga kamba za viatu vyake, na ngazi aliteremka kinyumenyume ili magoti yasimuume. Alijaribu kupiga makasia kila asubuhi. Alichopata ni hamu kubwa zaidi ya kula. Masikio yalipoanza kuziba alikwenda kwa daktari wa masikio, William Harvey, aliyekuwa amesikiliza mihadhara ya Paris juu ya ini na sukari. Harvey alimkataza mkate, sukari, bia na viazi, akamwachia nyama, samaki, mboga, na divai bila kipimo cha ubahili. Banting alianza Agosti 1862 akiwa na ratili 202. Katika muda wa mwaka mmoja alipungua ratili 46, ambazo ni karibu kilo 21. Mwaka 1863 alichapa kijitabu kwa fedha zake mwenyewe kuwaeleza wenzake. Aliishi hadi mwaka 1878, akafa ana miaka 81. Fundi wa majeneza kuwachelewesha wateja wake kwa ushauri wa bure, hilo nalo ni jambo la kushangaza.

Tangu hapo njia hii imezaliwa upya mara nyingi kwa majina mbalimbali. Marekani ilipata kitabu cha daktari Robert Atkins mwaka 1972. Afrika Kusini wanaiita kwa jina la yule yule Banting. Hapa kwetu wengi mmemsikia Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo, ambaye kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika alikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akihimiza watu wapunguze wanga na sukari, na wapunguze idadi ya milo. Watu walimtania sana, kila aliyeonekana na sahani ya wali aliambiwa atashitakiwa kwa Profesa. Mimi naamini utani ule ulifanya kazi ambayo semina kumi zisingeifanya.

Lakini tuwe waangalifu, ndugu zangu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua watu 609 wenye uzito uliozidi, wakawagawa kwa bahati nasibu. Nusu walipunguza wanga, nusu walipunguza mafuta, na wote waliambiwa wale mboga kwa wingi na waache sukari na unga uliokobolewa. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Baada ya miezi 12 waliopunguza mafuta walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.3, na waliopunguza wanga kilo 6.0. Tofauti hiyo kitaalamu si tofauti. Ndani ya kila kundi wako waliopungua sana, na wako walioongezeka. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba wanga peke yake ndio mchawi, mwombe akuonyeshe hirizi.

Kwa mwenye kisukari habari ni tofauti kidogo. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani, ambacho kwa miaka mingi hakikuwa na haraka ya kusema hivyo, kilitoa ripoti kwamba kati ya njia zote za ulaji, kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari ya damu. Hilo lina mantiki. Na huko Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari aina ya pili waliosaidiwa kupunguza uzito kwa nguvu, karibu nusu yao sukari ilirudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa baada ya mwaka mmoja. Wale hawakutumia njia ya wanga; walikula chakula kidogo sana cha kupimwa. Ninautaja kwa sababu unaonyesha kwamba kilo zenyewe, kwa njia yoyote zitakavyotoka, zina maana kubwa.

Na tuna ushahidi wa nyumbani. Daktari George Mann alikuja Tanganyika miaka ya 1960 kuwapima Wamasai, watu wa maziwa na nyama, watu wa mafuta kwa vipimo vya kizungu vya kuogopesha. Alikuta lehemu katika damu iko chini, na ugonjwa wa moyo hauonekani. Baadaye, mwaka 1972, alieleza kwamba mishipa yao ilikuwa na utando wa mafuta kama ya wengine, ila ilikuwa mipana, na yeye aliona kwamba kutembea kwao ndiko kulikoipanua. Sasa wageukie Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi. Wao hula asali, mizizi, matunda pori, ubuyu, na nyama siku wanayobahatika. Asali ni sukari tupu, lakini Mhadzabe mwenye kitambi hujamwona. Mmoja anakula mafuta, mwingine anakula asali, wote wembamba. Kinachowaunganisha ni kwamba hakuna hata mmoja mwenye chapati mbili, soda na kiti cha kuzunguka kwa pamoja.

Wahadzabe hao wametufundisha jambo jingine. Herman Pontzer na wenzake walipopima nguvu wanayotumia kwa siku, katika utafiti wa mwaka 2012, walikuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi ile ya mtu wa mjini Ulaya au Marekani, ingawa wao hutembea mno. Maana yake ni kwamba mtu asijidanganye kuwa atakula atakavyo kisha akimbie jioni kulipa deni. Mazoezi ni mazuri kwa moyo, kwa misuli, na kwa sukari yenyewe. Lakini uzito hupungulia mezani zaidi kuliko uwanjani.

Basi nilifanyaje? Asubuhi mayai mawili na mchicha au kipande cha parachichi, na chai bila sukari. Saa nne, wakati wenzangu wanapoletewa chapati na sambusa, mimi nina karanga za kuchemsha katika mfuko wa koti. Mchana samaki au maharage, mboga za majani nusu sahani, na ugali wa kiasi cha ngumi yangu. Jioni kuku, dagaa, au mtindi, pamoja na mlenda, bamia, nyanya chungu, chochote kilichopatikana. Ugali wa jioni nimeuacha isipokuwa nikiwa na wageni. Pale Dodoma mlenda hauna gharama, na Wagogo wananicheka kwamba nakula mboga bila chakula. Kwa Kiswahili chetu kweli ni hivyo. Mtu anayekula nyama na mboga bila ugali hajala. Mama yangu alipokuja kututembelea alimvuta mke wangu jikoni akamwuliza kwa sauti ya chini kama mshahara umesimamishwa.

Wako wanaosema hamia kwenye dona, au ugali wa uwele, shida imekwisha. Dona ni bora kuliko sembe, ina makapi-mlo na vitamini zilizotupwa kinuni, na sukari yake hupanda polepole kidogo. Lakini wanga wake ni karibu ule ule. Robo kilo ya dona ni robo kilo.

Wiki ya kwanza nilipungua kilo 3 nikajiona shujaa. Daktari alinishusha: mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika, maji yanatoka kwenye mkojo. Siku ukirudi kula, yanarudi. Kwa hiyo kilo za wiki ya kwanza zisihesabiwe, wala za siku ya Sikukuu zisiliwe machozi. Wiki ile ile kichwa kiliuma, miguu ilikakamaa usiku, choo kilikuwa kigumu, na wanangu waliniepuka. Maji ya kutosha, supu yenye chumvi kiasi na mboga nyingi viliniondolea sehemu kubwa. Baada ya hapo njaa ilipungua, jambo ambalo sikulitegemea. Mayai na maharage hukaa tumboni. Mkate mweupe hukuaga saa tatu na saa nne umekwisha kusahau kwamba ulikula.

Baada ya miezi 14 nilikuwa na kilo 89. Leo nina 91, zile mbili zilirudi wakati wa likizo kijijini na zimekataa kuondoka. Sukari kabla ya kula inacheza kati ya 5.7 na 6.2. Vidonge sijaachishwa, nimepunguziwa nusu. Nawaambieni namba zote kwa sababu nimechoshwa na watu wanaotaja za mwezi wa kwanza tu.

Kazi ngumu haikuwa nyumbani. Ni vikao. Mtumishi wa serikali anaweza kukalishwa vikao viwili kwa siku, na kila kikao kina viburudisho, na kukataa sambusa ya mwenye kikao kunaweza kutafsiriwa vibaya. Misibani ndiyo zaidi: pale kuna wali na mchuzi, na mtu anayechagua chagua msibani haeleweki. Mimi msibani hula wali kidogo nikashukuru, kwa sababu ule ni ushirika, wala kisukari changu si cha mlo mmoja. Mwenzangu mmoja aliyeanza pamoja nami alibeba mayai yake katika mkoba hadi harusini. Alidumu miezi miwili.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo mtu anaweza kufa. Mtu anayetumia insulini, au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini kama glibenklamidi, asipunguze wanga bila daktari wake kupunguza dozi kwanza. Dawa ile imepimwa kulingana na ugali wako wa zamani. Ukiondoa ugali na kuacha dawa vile vile, sukari itaporomoka, utatoka jasho, utatetemeka, na ukiwa usingizini huenda usiamke. Hali kadhalika kwa wenye dawa mpya ambazo huitoa sukari kwa mkojo. Wao damu inaweza kuingia tindikali hata kama kipimo cha sukari kinaonekana kizuri. Mwenye ugonjwa wa figo asirundike nyama bila kuuliza. Mama mjamzito au anayenyonyesha, hii si njia yake. Wa dawa za presha wapime mara kwa mara, kwa kuwa presha hushuka uzito ukishuka, na kizunguzungu hufuata. Na zile poda za kukausha tumbo zinazouzwa ofisini kwa bei ya mbuzi, mimi sitazisemea lolote jema.

Pia msichukue ruhusa ya kula nyama choma kila jioni. Uchambuzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia watu zaidi ya 15,000 kwa miaka mingi, ulikuta waliokula wanga mwingi mno na waliokula kidogo mno wote walitangulia kufa kuliko wa katikati. Na waliojaza pengo la wanga kwa nyama na siagi walikuwa na hali mbaya kuliko waliojaza kwa kunde, karanga na mboga. Utafiti wa kufuatilia hauthibitishi chanzo, lakini kwa sisi wenye maharage, choroko, kunde na dagaa sokoni, sioni sababu ya kubisha.

Nyinyi wadogo zetu nawaona mnatabasamu. Nisije nikasikia kesho kwamba kuna mgomo wa ugali bwaloni, na kiongozi wa mgomo akanitaja mimi. Hotuba hii haiwahusu kwa sahani. Mnakua, mnacheza, mnalima, mnasoma usiku. Ugali na maharage ya shule hii ni chakula chenu halali, na ningependa maharage yawe mengi zaidi. Tena tukumbuke kwamba katika nchi hii, kwa uchunguzi wa mwaka 2022, watoto 3 katika kila 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Baadhi yenu mmetoka katika nyumba ambazo swali la jioni si kiasi gani, ni kama kipo. Mazungumzo ya kupunguza ni mazungumzo ya waliozidisha. Kwenu ninyi ninacho kimoja tu, nacho ni soda. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa, na haikushibishi chochote. Mkimaliza shule mkapata kazi za kukaa, hapo ndipo mnikumbuke.

Hilo linanileta kwa Kamati. Kila mwaka Umoja wetu huwaletea wanafunzi kreti za soda siku kama ya leo, na kwa nia njema kabisa. Napendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao fedha hizo zinunue kuku wa mayai na mbegu. Nyuma ya bweni la pili kuna ile bustani yetu ya Elimu ya Kujitegemea, ambako sisi tulimwagilia mchicha kwa adhabu na kwa hiari. Nimeipitia asubuhi hii, imeota magugu, lakini bomba bado linatoa maji. Ndugu Mkuu wa Shule ameniambia mwalimu wa kilimo yupo tayari. Naomba lijadiliwe katika mengineyo, na naomba wanaopenda soda wasilizamishe.

Jambo la mwisho ni la sasa hivi. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti, muuguzi wa zahanati ya shule amekaa pale kushoto mwa mlango. Ana mashine mbili za kupimia sukari, vijiti 100, mizani, na futi. Wanafunzi wa zamani tupite kwake kabla ya kuchukua sahani. Ambaye hajala tangu jana aseme hivyo, na aliyekunywa chai ya sukari asubuhi naye aseme, kwa kuwa namba hazisomwi namna moja. Atakayeonekana na 7.0 au zaidi akiwa hajala, au 11.1 au zaidi akiwa amekula, ataandikiwa karatasi aende hospitali kwa kipimo kamili. Tone la kidole peke yake halitoshi kumwita mtu mgonjwa. Majina hayataandikwa ukutani. Kaka zetu wa miaka ya 1970 watangulie, sisi tutafuata kwa mwaka wa kumaliza, kama tulivyopangwa zamani paredini.